HR anataka nisaini kwamba niliacha kazi mwenyewe ndipo anigongee muhuri fomu ya NSSF. Nifanyeje?

Bibi_Leja

Wakuu habari za majukumu. Naombeni msaada wa mawazo, hasa nyie mnaoyafahamu mambo ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), maana nimezungushwa mpaka nimechoka.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja hapa Dar inayouza vifaa vya maji: mabomba, koki, mita, matenki na vikorokoro vyake. Niliingia Machi 2019, mkataba wa kudumu, mshahara ghafi wa mwisho 600,000. Mwishoni mwa mwezi uliopita, Ijumaa jioni niko kwenye daladala narudi nyumbani, HR, yaani afisa utumishi, akanitumia ujumbe wa WhatsApp: "Kuanzia Jumatatu usiripoti, uongozi unapanga upya idara ya stoo. Utaitwa." Sikuitwa. Jumatatu nikaenda hivyo hivyo. Mlinzi, mtu tuliyezoeana miaka yote, akanionyesha daftari la getini: jina langu limepigwa mstari. Akaniomba radhi yeye, kana kwamba ni yeye aliyenifukuza.

Sikutaka makuu. Nikaenda NSSF kuulizia fao la kukosa ajira. Dada wa dirishani alinielekeza vizuri tu: nilete barua ya kuachishwa kazi, kitambulisho cha NIDA, taarifa za benki, na fomu ya madai ambayo ina sehemu ya kujazwa na mwajiri na kugongwa muhuri. Nikaona hapo pamekwisha, muhuri ni kitu cha dakika moja.

HR akanipokea, akaniagizia na soda. Kisha akafungua droo akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, inasubiri saini yangu tu. Naiandika hapa kama ilivyo: "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeamua kwa hiari yangu mwenyewe kuacha kazi kuanzia tarehe tajwa. Sina na sitakuwa na madai yoyote dhidi ya kampuni, sasa na baadaye." Tarehe iliyoandikwa juu ni ya mwezi mmoja nyuma, wakati siku hiyo nilikuwa stoo napokea kontena. Nilipouliza mbona tarehe ya zamani, akasema ni taratibu za kiofisi. Nikasema naomba barua inayosema mmeniondoa nyie. Hapo soda ikawa chungu. Akasema kuna upotevu wa koki na mita wenye thamani ya 1,340,000, na kama sitaki kusaini basi "tutaanza na hilo deni kwanza, mambo ya NSSF baadaye".

Kuhusu hilo deni: nilipokwenda likizo ya mwaka, nilimkabidhi stoo kijana aliyeletwa. Tulihesabu rafu kwa rafu, tukalinganisha na bin kadi (kadi za hesabu za kila bidhaa), tukaandika kwenye leja, akasaini, nikasaini, na msimamizi akasaini. Ukurasa ule nimeupiga picha. Niliporudi likizo nilikaa wiki chache tu, na funguo hazikurudi kwangu. Kwa hiyo mita zikipotea, aulizwe aliye na funguo.

Swali langu ni hili. Nikisaini ile karatasi ili nipate muhuri, napoteza nini? Na kama sisaini, NSSF wanaweza kunilipa bila mwajiri? Kuna mtu ameniambia fedha za NSSF zikizuiwa na mwajiri ndiyo basi tena. Mimi naona ni jasho langu, slipu zangu za mshahara zinaonyesha nilikatwa kila mwezi. Nina watoto wawili wa shule, sina muda wa danadana.

Mpiga_Dili_Halali

Dada njoo PM. Kuna mtu wangu anamaliza hiyo kitu fasta, barua na muhuri vyote vinapatikana, unampa kitu kidogo baada ya malipo.

Faili_la_Kijani

Dada Bibi_Leja, huyo hapo juu mpite. Hao ndio vishoka. Barua ya kughushi ikiingia kwenye faili lako, wewe ndiye unayeitwa kujibu, yeye namba ya simu keshabadilisha. Una haki safi mkononi, usiichafue.

Nimekaa idara ya utumishi miaka mingi kabla sijatoka kufanya mambo yangu, kwa hiyo naomba nikueleze upande wa pili wa ile meza.

Kwanza, USISAINI. Fao la kukosa ajira limewekwa kwa mtu aliyepoteza kazi bila kutaka. Aliyeacha mwenyewe hahesabiki. Wewe una miezi mingi kuliko ile 18 ya michango inayotakiwa, kwa hiyo unastahili asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa 600,000 hiyo ni kama 199,800 kwa mwezi, jumla 1,198,800. Karatasi ya HR inafuta hiyo yote kwa mstari mmoja wa "kwa hiari yangu mwenyewe".

Pili, ile tarehe ya nyuma haijawekwa kwa bahati mbaya. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au alipwe badala yake. Karatasi ikionyesha ulitoa taarifa mwezi mmoja kabla, maana yake notisi ulishaitumikia, hawadaiwi. Aliyeichapa anaijua kazi yake.

Tatu, na hapa ndipo nataka ufikirie. Ile soda na lile deni naona vinaficha kitu kingine. Mwajiri aliyepeleka michango yote hana sababu ya kuogopa kugonga muhuri. Anaweka barua, anagonga, mnaachana. Anayeikimbia fomu mara nyingi anajua ikifika kule itafunguliwa taarifa yako ya michango, na taarifa ikifunguliwa wataonekana wakaguzi getini. Je, umeshaiangalia taarifa yako mwezi kwa mwezi? Siyo salio tu, mwezi kwa mwezi. Nenda ukaichukue kesho, ulinganishe na slipu zako.

Kumbuka sheria inataka asilimia 20 ya mshahara wako ghafi ipelekwe, na wewe usikatwe zaidi ya asilimia 10. Yaani kwa 600,000 ni 120,000 kila mwezi. Angalia na mshahara walioutangaza kule. Nimeona kampuni zinapeleka michango ya mshahara wa msingi tu huku posho zikiachwa nje, na mfanyakazi hajui mpaka siku ya kudai.

Pesa_Mbele

Mnamjaza dada wa watu maneno. Kesi na kampuni zinakula miaka. Saini, chukua mshahara wako wa mwisho na cheti cha utumishi, tafuta kazi nyingine, hela za NSSF utazichukua zote baadaye ukiamua kuacha ajira ukalime.

Faili_la_Kijani

Mkuu Pesa_Mbele, hilo la kuchukua zote ndilo linalowaponza watu. Lile fao la kujitoa tulilolizoea, unakaa miezi kadhaa bila kazi unabeba michango yako yote, halipo tangu mabadiliko ya 2018. Sasa hivi aliyepoteza kazi anapata hili la kukosa ajira, michango yake inabaki kwenye akaunti, na akipata kazi anaendeleza kwa namba ile ile. Pensheni yenyewe inasubiri umri, 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, na miezi 180 ya michango. Kwa hiyo akisaini leo hana cha kwenda kuchukua "baadaye". Na cheti cha utumishi siyo zawadi ya kumfanya mtu asaini. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, iwe mmeachana kwa wema au kwa ngumi.

Bibi_Leja

Nimerudi. Mungu akubariki Faili_la_Kijani, sijui ulijuaje.

Nimechukua taarifa ya michango. 2019 na 2020 iko sawa. 2021 kuanzia Aprili mpaka Agosti hakuna kitu, mistari mitupu. Halafu inaendelea. Slipu zangu za miezi hiyo ninazo, nilikuwa naziweka kwenye bahasha ya risiti za ada, na zote zinaonyesha NSSF imekatwa. Wakati ule kampuni ilikuwa na hali mbaya, mishahara ilichelewa, lakini ilikuja na makato yakiwepo. Kumbe walizikata wakazila.

Na kuanzia 2022 mshahara uliotangazwa ni mdogo kuliko wa kwenye slipu. Posho ya usafiri haimo.

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikatetemeka kwa hasira. Hiyo soda ya juzi nilikunywa kwa hela zangu mwenyewe.

Sasa hilo pengo la 2021 linanizuia kulipwa? Na nianzie wapi, NSSF au CMA?

Mzee_wa_Tawi

Binti yangu, anza na saa ya ukutani. Umeachishwa mwishoni mwa mwezi uliopita? Basi CMA kwanza, tena wiki hii hii. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kikazi ni siku 60. Siku 30 zikipita itabidi uombe kuongezewa muda kwa fomu ya CMA F.2 na ueleze sababu za kuchelewa, na "nilikuwa namsubiri HR" si sababu inayowachangamsha. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa muda mrefu, na wengi niliowaona wakipoteza haki hawakushindwa kesi, walichelewa mlango.

Unachukua fomu CMA F.1, haina malipo. Unajaza jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba wako, siyo kama lilivyo kwenye bango la getini, kwa sababu hayo mawili mara nyingi ni tofauti na wakili wa kampuni atalirukia hilo. Kwa kuwa wewe ni suala la kuachishwa, jaza na Sehemu B. Kwenye unachodai usiandike NSSF peke yake. Andika notisi, likizo uliyobakiza kama ipo, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, cheti cha utumishi, na fidia ya kuachishwa isivyo halali. Usipoliandika sasa, baadaye watakuambia halikuwemo.

Nakala ya fomu lazima imfikie mwajiri kabla hujaiwasilisha, na uwe na uthibitisho. Ukienda mapokezi wakikataa kusaini, msigombane. Itume kwa posta, rejesta, ubaki na risiti. Watu wanafikiri mwajiri akikataa kupokea kesi imekufa. Haifi.

Kisha lile deni la koki. Mwajiri hawezi kuamka asubuhi akakuandikia deni. Kifungu cha 28 kinasema makato ya upotevu yanakubalika iwapo hasara ilitokea kazini na kwa kosa lako, ulipewa maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, kiasi hakizidi hasara halisi, na makato hayazidi robo ya mshahara. Wamekupa barua ya tuhuma? Kuna kikao? Hakuna. Ni tishio la mdomo. Ule ukurasa wa leja upeleke umechapishwa, na ujumbe wa WhatsApp pia, pamoja na namba iliyoutuma na tarehe vionekane. Usiukate picha ukabakiza maneno peke yake.

Usiende pale ofisini kwao tena peke yako.

Faili_la_Kijani

Naongezea upande wa NSSF, maana hivi viwili vinakwenda sambamba, kimoja hakisubiri kingine.

Pengo la 2021 halikuzuii kwa fao hili. Hata ukiitoa miezi hiyo mitano, 18 umeivuka zamani. Litakuuma baadaye kwenye hesabu ya miezi 180, na ule mshahara uliopunguzwa unaweza kukuuma sasa hivi kwa sababu ile theluthi inahesabiwa kwa mshahara walionao kule. Kwa hiyo yote mawili yaandikie malalamiko ya maandishi. Siyo ya kusimulia dirishani. Barua.

Iandike kwa meneja wa ofisi ya NSSF ya mkoa inayomsimamia mwajiri wako, siyo lazima iwe iliyo karibu na kwako. Iwe ukurasa mmoja: mimi ni nani, namba ya uanachama, mwajiri ni nani, nilianza lini, niliachishwa lini na kwa njia gani, miezi gani haimo, mshahara upi umetangazwa na upi nililipwa, na kwamba mwajiri amekataa kujaza sehemu yake ya fomu mpaka nisaini kuwa nimeacha mwenyewe. Hili la mwisho liseme wazi. Ambatanisha nakala ya mkataba, slipu za miezi husika, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, na taarifa yao wenyewe ya michango. Nakala yako wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo muhuri hujapeleka barua, umepeleka hadithi.

Wakaguzi wa Mfuko wana uwezo kisheria wa kuingia kwa mwajiri na kudai vitabu vya mishahara. HR anayekuchezea wewe na soda hatawachezea wao. Kumkata mfanyakazi halafu usipeleke ni kosa la jinai, na juu yake kuna tozo ya ucheleweshaji inayokua kila mwezi. Ndiyo maana nilisema anaogopa fomu.

Jambo dogo lakini limewahi kukwamisha watu: jina lako la NIDA na la NSSF vinafanana herufi kwa herufi? Na ukipata kazi mpya usikubali kusajiliwa upya. Namba ni moja.

Dereva_wa_Zamani

Mimi yangu ilikuwa ngumu zaidi, labda itakusaidia dada. Kampuni yetu ya usafirishaji ilifunga kabisa. Nilikwenda nikakuta geti limeegemezwa na tofali, mabasi hayapo, ofisi wameingia watu wa kuuza matairi. Sasa hapo nani anagonga muhuri?

Nilichofanya ni kutafuta karatasi. Barua ya ajira nilikuwa nayo imekunjwa mpaka imechanika pembeni. Slipu sikuwa nazo, sisi madereva tulikuwa tunasaini tu kitabu. Ila mshahara ulikuwa unapitia benki, nikaomba taarifa ya akaunti ya miaka yote, na kila mwezi jina la kampuni liko pale pale. Wenzangu waliokuwa na slipu tukaungana, tukaandika barua moja tukasaini wote, kila mmoja na namba yake. Tulipokwenda kama kundi mambo yalikwenda tofauti na nilipokuwa nakwenda mwenyewe, kwa sababu mkaguzi akimtafuta mmiliki mmoja anamaliza kesi za watu kumi. Mmiliki alipatikana, alikuwa amefungua kampuni nyingine kwa jina la shemeji yake.

Jina langu lilikuwa na shida pia. NSSF walikuwa na Saidi, NIDA ina Said. Herufi moja! Ilinibidi niende kwa wakili nikaapa kiapo cha majina.

Ila ushauri wa kuwahi CMA anaoutoa mzee hapo juu usiupuuze. Sisi siku 30 zilitupita tukisubiri kampuni "ifunguliwe tena".

Pesa_Mbele

Sawa nimesoma, nimeelewa hesabu. Sikujua habari ya hiari inaua fao. Mdogo wangu alisaini kama hiyo mwezi wa tatu. Je, inawezekana kuibatilisha?

Mzee_wa_Tawi

Kama alilazimishwa au alitishwa, anaweza kulalamika kwamba hakuacha bali aliachishwa. Mzigo wa kuthibitisha unamhamia yeye, na hapo atahitaji ujumbe, mashahidi, chochote kinachoonyesha vitisho. Mwezi wa tatu siku 30 zimeshapita, kwa hiyo aanze na F.2. Mwambie aje na karatasi zote alizonazo kwa ofisi ya Afisa Kazi ya mkoa wake au kwenye tawi la chama chake, asije na maelezo matupu.

Bibi_Leja

Wakuu, nilikaa kimya kwa kuwa nilikuwa kwenye mizunguko. Nawapa mrejesho.

CMA nilifungua ndani ya muda. Mapokezi ya kampuni walikataa kupokea, nikatuma rejesta kama mzee alivyosema. Siku ya usuluhishi HR alikuja na wakili, amevaa suti, mtu mpole kuliko alivyo ofisini. Wakili alianza na deni la koki. Msuluhishi akauliza swali moja tu: kuna barua ya tuhuma mliyompa? Wakatazamana. Nikatoa ule ukurasa wa leja. Saini tatu, ya kijana, ya msimamizi na yangu, pembeni kuna doa la chai ambalo nililionea haya kila siku na leo limekuwa ushahidi kwamba ndiyo leja yenyewe ya stoo. Wakili akaukodolea macho, akamuinamia HR wakanong'ona. Deni halikutajwa tena.

Ile karatasi ya kuacha kazi waliyotaka nisaini walisema haipo, hawaijui. Kwa bahati siku ile niliipiga picha alipoinuka kwenda kufungua mlango. Nilipoitoa simu msuluhishi akasoma kwa sauti, na ile tarehe. Nililinganisha na hati ya kupokea kontena ya siku hiyo hiyo yenye saini yangu.

Tukakubaliana. Barua inayosema nimeondolewa kwa mabadiliko ya idara, notisi, kiinua mgongo, cheti cha utumishi, na fomu ya NSSF kujazwa na kugongwa muhuri. Fidia tulivutana, nilichukua pungufu ya nilichodai, sijuti sana. Nilitaka barua. Nimesaini makubaliano pale pale na nakala ninayo. Nilihakikisha haimo sentensi ya "sina madai yoyote ya michango", wakili alijaribu kuichomeka, nikamwambia msuluhishi kwamba suala la michango liko kwa Mfuko na si langu kulisamehe. Ikaondolewa.

NSSF: barua yangu ya malalamiko ilijibiwa, wakaguzi walikwenda. Niliyoyasikia kutoka ndani ni kwamba pengo la Aprili mpaka Agosti 2021 si langu peke yangu, ni idara nzima ya stoo na madereva. Ofisi kuu wao wako kamili. Mwajiri amepewa hesabu ya anachodaiwa, bado hajalipa yote. Fomu yangu imepokelewa na hiyo ndiyo hatua niliyopo. Ule mshahara uliotangazwa mdogo nao uko kwenye hesabu hiyo, na nimeambiwa nifuatilie.

Yule mlinzi alinipigia. Anauliza taarifa ya michango inachukuliwaje.

Mkaanga_Sumu

Nimesoma uzi mzima nikaenda kuangalia yangu leo mchana. Bado niko kazini, kampuni nyingine kabisa. Nina mapengo mawili na mshahara uliotangazwa ni nusu. Nimwulize bosi kesho asubuhi?

Faili_la_Kijani

Kesho asubuhi hapana. Kwanza toa kopi za slipu za miezi hiyo na mkataba, uzipeleke nyumbani, na omba taarifa ya benki. Ukishakuwa na hizo karatasi nje ya jengo la mwajiri, ndipo uandike barua NSSF. Na waulize wenzako wa idara kama nao wana mapengo hayo hayo, kabla hujamuuliza mtu yeyote mwenye ufunguo wa kabati la mafaili.